Chukudu yenye mzigo na chukudu tupu: namna kijiwe kidogo kinajua gesi iko mu hewa

Wenye hawakufika jumamosi mu sale ya parokia hapa Goma, siku niliongea juu ya kijiwe chenye kinapima gesi, munaniandikia toka juzi eti nitume picha. Picha hakuna. Umeme ulikatika hata sijamaliza kusalimia, projekteri ikabaki inaniangalia kama mbuzi, basi niliongea na mudomo na mikono tu. Maneno njo haya, nimeyaweka vile niliyasema, na fasi mulinikatiza nimeacha pia.

Ba mama, ba papa, vijana wa ku Birere wenye munatengeneza telefone, naona mumejaa nyuma kule karibu na mulango kama watu wenye wanatafuta kukimbia, jambo kwenu! Apana, hiyo jambo ni ya wagonjwa. Jambo kwenu! Haya, sasa tuko pamoja.

Nianze na ulizo. Nani hapa anajua mazuku? Ainue mukono. Angalieni wenyewe, ni sale nzima. Ukiuliza ulizo hili Kinshasa watazani ni jina ya orkestra mupya. Sisi hapa, mutoto wa primere anajua kama kuna mashimo kule Himbi, kule Kyeshero, kule Bulengo, njia yote ya kwenda Sake, yenye hauingie asubuhi wakati upepo haujapita.

Mimi nilijifunza na miaka 11. Baba mudogo alikuwa na mbuzi tatu karibu na ziwa, asubuhi moja hazikuonekana, tukazikuta mu kashimo kamoja kama zimelala, hakuna damu, hakuna alama ya meno, na pembeni yao kunguru naye amelala. Mudogo wangu akataka kushuka achukue kamba, juu kamba ilikuwa mupya, na baba mudogo akamukamata ku shati na nguvu mpaka vifungo vikaruka. Alisema neno moja: "Usiiname." Hakusema usishuke, alisema usiiname. Niliwaza ile neno miaka na miaka. Juu ya nini kuinama?

Juu gesi ya mazuku ni CO2, ile gesi tunatoaga tukipumua, na CO2 iko nzito kupita hewa, karibu mara moja na nusu. Inatoka mu nyufa za udongo wa volkano, usiku hakuna upepo, inatiririka kama maji na inakaa mu mashimo. Mutu mukubwa mwenye amesimama anaweza kuwa na kichwa mu hewa muzuri na magoti mu kifo. Mbuzi haina ule urefu. Mutoto hana. Mama mwenye anainama kuchuma lengalenga hana.

Na ile gesi haina harufu, haina rangi. Wazee walitumia moto: unashusha taa na kamba, ikizima unarudi kwako. Ni akili kubwa, siwezi kuitukana. Lakini kufika moto uzime, gesi imeshapita mbali kiwango chenye kinaogopesha. CO2 ikiwa 4% tu mu hewa, inahesabiwa tayari kuwa hatari ya palepale, wakati hewa ya kawaida iko nayo karibu 0.04%. Ni mara 100! Mara 100 na pua yako haijasema kitu, na taa ingali inawaka muzuri kabisa.

Pua yenyewe, tusiiamini sana. Munajua ile harufu ya yai la kuoza yenye volkano inatoa? Ni gesi ingine, H2S. Ikiwa kidogo unaisikia mbio. Ikizidi, pua inakufa ganzi, unasema aa, imeisha, kumbe sasa njo imekuja kweli.

Basi kitu chenye hakionekani, na pua haikijui, utakijua na nini? Leo ninawaletea jibu moja, lenye mimi linanifurahisha: utakipandisha ku mugongo ya mutu mwenye anakimbia, nyuma unaangalia kama amechelewa.

Munacheka. Ngojeni.

Nyote munakumbuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, jumamosi jioni, wakati Nyiragongo ilifungua tumbo. Nyuma ya lava yakaja matetemeko, siku na siku, mutu analala na viatu, na tarehe 27 wakasema karatiye nyingi zihame, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine mashua za Bukavu. Munakumbuka vile ilikuwa inafanya? Kwanza vikombe vinalia tititi, nyuma kitu kinapita chini ya kitanda polepole kama mutu anakunja mukeka. Mu matetemeko kuna mawimbi yenye yanapita ndani ya dunia, na kuna yenye hayataki kuingia ndani, yanatembea paka ku ngozi ya dunia, vile mawimbi ya ziwa yanatembea ku maji. Hayo ya ngozi njo ninayataka. Mwingereza mumoja, Lord Rayleigh, aliyapata na hesabu tu, ku karatasi, mwaka 1885, na akaandika kama pengine yana kazi kubwa mu matetemeko ya inchi. Alisema kweli.

Sasa musikilize hesabu hii vizuri. Mu mwamba wa dunia, mawimbi ya vile yanakimbia karibu kilometa 3 ku segonde. Chukua kijiwe cha kwatzi, kidogo kama ukucha, kimesuguliwa mpaka kinang'aa kama kioo, ukitikise upande mumoja: wimbi la aina ileile linapita ku ngozi yake. Mbio yake? Ku kwatzi yenye imekatwa vile wanaikataga kwa kazi hii, meta 3,158 ku segonde. Kilometa 3 na kidogo! Milima yote ya Virunga na kijiwe cha kuweka ku kidole, wimbi moja, mbio karibu moja. Tofauti ni urefu tu. La tetemeko linaweza kuwa na makilometa makumi toka mugongo mpaka mugongo, la kijiwe, ukilitikisa mara milioni 100 ku segonde, liko na mikromita 31 na kitu, haifike unene wa unywele. Siku nilifanya ile hesabu nilifunga kayee nikatoka inje kuangalia mulima.

Wanakitikisaje? Nani iko na briketi ya kuwasha sigara, ile ya kupiga tik yenye haina jiwe ya kusugua? Aksanti papa. Muone. Tik. Ndani kuna kanyundo kanagonga kajiwe, na kajiwe kanatoa umeme, njo ile cheche. Wafaransa wawili, ndugu ya tumbo moja, Jacques na Pierre Curie, walionyesha hiyo mambo mwaka 1880: kuna mawe kama kwatzi, ukiyabana yanatoa umeme. Na inageuka pia, ukiyapa umeme yanajibana yenyewe. Ukiyapa umeme wenye unaenda na kurudi, yanatetemeka.

Sasa juu ya kijiwe wanachora vichanuo viwili vya chuma chembamba sana, meno ya kimoja yanaingia kati ya meno ya kingine bila kugusana. Hivi, muone vidole vyangu, kama mutu anasali lakini anaogopa ngozi yake mwenyewe. Umeme unaruka toka kichanuo mpaka kichanuo, kati ya meno jiwe linajibana na kujiachilia, na wimbi linatoka linaenda. Upande wa pili kuna vichanuo vingine viwili vinangojea, wimbi likifika vinaligeuza tena kuwa umeme. Ni White na Voltmer, Wamarekani, njo walifanya vichanuo vile mwaka 1965. Na wewe kijana wa Birere mwenye unafungua telefone kumi ku siku, vile vidude vidogo vya karibu na antena, vyenye munaita filitre, vingi vyao ndani ni hiyo kitu. Uko na tetemeko la inchi mu mufuko na hata haukulipa pesa yake.

Tuache jiwe kidogo, twende ku barabara. Muko na chukudu mbili, ile ya mbao ya magurudumu mawili yenye tunabebea mizigo, mbao ileile, vijana wawili wa nguvu moja. Moja tupu. Ingine munaweka gunia ya makala. Nani anafika mbele?

(Hapa papa mumoja wa mustari wa pili akajibu: "Ku mutelemuko wa Kibumba yenye gunia njo inafika mbele!" Sale yote ikalipuka, na kusema ukweli papa hakukosea.)

Papa, mimi ninasema barabara ya sawa, ku mutelemuko uniache kwanza. Ku barabara ya sawa, yenye gunia inachelewa. Na mimi nikikaa kule mwisho wa barabara na saa ku mukono, hata sioni gunia, hata kuko giza, nitajua kama kuna mutu amepakia kitu. Hiyo njo kaptere, kidude cha kugundua gesi. Hainuse! Mutu akiwaambia masini inanusa gesi, mumuambie apana, inachelewa.

Wimbi ku ngozi ya kijiwe njo chukudu. Barabara ni ile fasi kati ya vichanuo vya kwanza na vya mwisho, na ile fasi unaipaka kitu chembamba sana chenye kinapenda gesi fulani. Gesi ikipita, molekuli zake zinakaa pale, ngozi inakuwa nzito, wimbi linachelewa. Na juu ya nini linasikia kitu kidogo vile? Juu halizami. Nguvu yake yote iko mu unene wa kama urefu wa wimbi moja, zile mikromita 30, kwa hiyo kitu chochote kinakaa ku ngozi kinamukalia yeye ku mabega. Wimbi lenye lingepita katikati ya jiwe lisingejali.

Kupima kwake, unafunga muzunguko: umeme wenye unatoka mwisho unauongeza nguvu kidogo na unaurudisha mwanzo, unazunguka, unazunguka, kijiwe kinaimba sauti moja, mara milioni 100 ku segonde. Gesi ikikaa, sauti inashuka. Ikishuka 100 tu juu ya milioni 100, masini ya kuhesabu inaiona bila shida. Ni kama mizani yenye mungeweka tani moja ya ndizi na ikaona umeongeza gramu moja. Nani iko na mizani ile pale soko ya Virunga? Hakuna, na kama iko, si ya muuzaji. Na ukiongeza frekansi, ile hesabu ya mitikisiko ku segonde, mara mbili, ngozi ikiwa ileile, kushuka kunakuwa mara nne. Wohltjen na Dessy walichapisha namna hii ya kushika mvuke mwaka 1979, na toka ule mwaka watu hawajaacha kupaka vijiwe.

Niongeze kitu kimoja mbio: si uzito peke yake. Chukudu inachelewa na gunia, lakini inachelewa pia na matope. Ngozi ikilainika juu ya gesi, wimbi linachoka. Ngozi yenye inapitisha umeme ikibadilika kidogo, wimbi linasikia pia, juu wimbi lenyewe linabeba umeme ndani yake. Nipite hapo.

Sasa ba mama wenye munasinzia muamuke, hapa njo moyo wa maneno yangu. Kijiwe hakijui gesi. Kijiwe kinajua mzigo. Mwenye anachagua mzigo ni ngozi yenye ulipaka. Ukipaka paladiumu, inakunywa hidrojeni, ile chuma inaweza kumeza hidrojeni ya mara 900 ya ukubwa wake yenyewe, sijui mulevi gani wa hapa anaifikia. Ukipaka mupira wa jamaa ya shambreri ya baiskeli, inapenda mivuke ya jamaa ya petroli. Kwa ile gesi ya yai la kuoza wanapaka oksidi ya tangsteni. Ngozi, ngozi, ngozi. Ukiuliza mutu "kaptere yako ni ya nini?" na hakuambie ngozi, anakuuzia sanduku.

Nilifunzwa hiyo na aibu. Nilikuwa ku stage inje ya inchi, mu laboratware moja, wamenipa kijiwe changu cha kwanza chenye nilipaka mwenyewe, na sauti ilikuwa imetulia pale ku ekra. Nikakipulizia pumzi. Sauti ikaanguka! Nikaruka, nikaita watu, nimepima CO2 ya pumzi yangu, nimemaliza mambo ya mazuku, nilishaona hata picha yangu mu gazeti. Mwalimu wangu, mama wa miaka mingi, akakuja polepole, akapulizia naye, sauti ikaanguka. Nyuma akaleta kikombe cha maji ya moto, hakuna pumzi hapo, akakiweka tu pembeni. Sauti ikaanguka vilevile. Akaniambia: "Umepima mate." Maji! Mvuke wa maji unakaa ku kila ngozi, na sisi hapa Goma tuko na ziwa mulangoni na mvua mingi, kwa hiyo kaptere yenye haijui kutofautisha maji, hapa itapiga kelele usiku kucha, na siku ya tatu utaizima, na siku ya nne njo gesi itakuja.

Na musizani ni wanafunzi tu wenye wanaanguka hapo. Jirani yangu mumoja alinunua kasanduku hapa mujini, mwenye aliuza alimuambia "hii ni ya mazuku," na alilipa pesa ya kulia. Kila akikaanga sambaza, kasanduku kanalia. Akiwasha babula, kanalia. Akaniita. Nilikafungua: ndani haikukuwa hata kijiwe, ilikuwa kaptere ya aina ingine, ile ya kupasha moto, ya gesi ya kupikia na moshi. CO2 ingejaza ile nyumba mpaka ku dirisha, ile kitu ingebaki kimya kama kaburi. Yeye alikuwa anafurahi juu inalia! Kulia si kazi. Hata mutoto analia.

Ngozi tena iko na tabia ya pili. Ikipenda gesi sana, gesi haitoki tena, ni kama ile gundi ya panya, umetumia mara moja umetupa. Ikiipenda kidogo, gesi inapita bila kukaa. Watu wanatafuta katikati, na katikati haipatikane kila siku, njo maana wengine wanaweka vijiwe vingi pamoja, kila kimoja ngozi yake. Vile ku soko mama wa samaki, mama wa unga na mama wa mafuta wanaangalia kitu kimoja, kila mumoja anasema yake, na ukiyaunganisha unajua ni nini kilipita.

Halafu kuna jua. Kuna jiwe moja lenye wanalipenda sana, niobati ya lithiamu, lina nguvu, lakini moto ukipanda digrii 1 sauti yake inashuka karibu sehemu 90 ku milioni. Pigeni hesabu: ku sauti ya milioni 100, ni 9,000. Na gesi yenye tulikuwa tunatafuta ilikuwa 100! Jua likitoka nyuma ya wingu tu, gesi imepotea mu hesabu. Kwatzi ikikatwa vizuri inavumilia moto zaidi, lakini hata yenyewe hauiachi peke yake. Dawa ni ya zamani sana: chukudu mbili. Vijiwe viwili, baba mumoja mama mumoja, sanduku moja. Kimoja umekipaka, kingine umekiacha tupu. Jua linapiga vyote viwili, vyote vinachelewa sawa, unatoa kimoja ku kingine, chenye kinabaki ni gunia. Na mvua? Kwa mvua ule ndugu tupu anasaidia nusu tu, juu maji yanapenda ngozi yenye imepakwa kupita jiwe tupu.

Najua mu roho yenu munauliza: sasa hii itatuokoa na mazuku? Niseme kweli mbele yenu, na nilikuja juu ya hiyo. Kwa CO2, leo, ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja, nunua ya mwanga. CO2 inakula mwanga fulani wa infraruji, wenye macho haioni, unapitisha ule mwanga mu hewa na unaangalia wenye umebaki, na mvuke wa maji hausumbue sana. CO2 ni mutu wa baridi, haipendi kukaa ku ngozi ya mutu. Kuna wenye wanapaka polimeri, jamaa ya plastiki, yenye amini ndani, dawa yenye inashika CO2, inakaa kidogo, lakini maji yanaingia mu habari mara moja. Mwenye atakuambia kijiwe kimeshinda mwanga kwa mazuku, muulize ngozi.

Sasa juu ya nini nimewatoa kwenu jumamosi? Juu kijiwe kiko na kitu kimoja chenye mwanga hauna. Kinaweza kuishi bila umeme. Munasikia? Bila batri, bila panneau ya jua yenye wataiba. Unaweka antena ku vichanuo, unakifukia pale ku shimo na kichwa inje. Unakuja na masini yako, unasimama meta chache, unatupa mulio wa redio. Antena inaushika, vichanuo vinaugeuza kuwa wimbi, wimbi linatembea, linagonga mistari yenye umechora, linarudi, linakuwa redio tena, linakujibu. Na hapa ule uvivu wa wimbi unakuwa baraka: redio iko mbio kulipita karibu mara 100,000. Mulio wako ukigonga manyumba na miti unarudi kwako mara moja, mu segonde moja ya milioni tayari umeshatoka kwenye nyumba ya meta 150 na kurudi. Wimbi la kijiwe linakuja nyuma, polepole, wakati makelele yote yamenyamaza. Linasema peke yake. Wenye wanafanya hiyo leo wanapima nayo joto fasi zenye waya haufike, na kwa gesi kazi ingali inaendelea, ngozi njo inachelewesha. Lakini mimi nikiwaza mashimo yote ya hapa mpaka Sake, na umeme wetu huu wenye umekatika sasa hivi munaona, siwezi kuacha kukiwaza.

Mama, ndiyo, wewe wa kitenge ya kijani. Uliuliza kama ziwa nalo liko na gesi yenye inaweza kutuua. Ndani ya Kivu kuna CO2 kama kilometa 300 za kikubi na metani kama 60, ikihesabiwa vile ingekuwa inje mu hewa, na munajua Nyos, Kamerun, tarehe 21 mwezi wa 8, 1986, ziwa lilitoa CO2 usiku mumoja na watu karibu 1,700 wakafa. Metani ni mutu tofauti, yenyewe iko nyepesi kupita hewa, inapanda. Ngozi ya metani ni shida ingine kabisa, juu hata yenyewe haipendi kukaa. Tutaongea, lakini si na tumbo hili la njaa.

Sasa umeme haujarudi, na mimi nilikuja na telefone tatu za kufa mu mufuko na lupe ya fundi wa saa. Tutazifungua, tutoe filitre, tuone vichanuo na macho yetu kama mwanga wa dirisha unaruhusu. Meno yao ni madogo sana, pengine mutaona paka rangi kama ya mafuta ku maji, lakini muone hiyo. Kijana wa nyuma, wewe wa kofia, leta turnevisi. Ile ndogo.